Topa halitibu godoro lililobonyea
Ndugu yangu, umeuliza kama godoro lako la futi 5 kwa 6, ambalo limeanza kubonyea katikati, liongezewe topa (tabaka jembamba la kutandika juu ya godoro) la inchi 2 au ununue jipya. Kwa maoni yangu nunua jipya, kwa sababu topa hufuata umbo la kilicho chini yake, na shimo unalolisikia leo utalikuta palepale, ila limefunikwa. Topa lina kazi pale ambapo godoro ni zima lakini gumu kupita kiasi, hasa kwa mtu anayelala ubavu na kuamka bega likimuuma.

Dukani usiridhike na maneno “hai densiti” (yaani sponji nzito kwa ujazo wake) yaliyochapwa kwenye kitambaa. Uliza sponji ina kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo, kisha omba godoro lipimwe kwenye mizani: kwa ukubwa wako na unene wa inchi 8, sponji ya kilo 30 hutoa godoro la takribani kilo 17, ilhali ile ya kilo 18 haifiki hata kilo 11. (Wapo wauzaji watakaonuna, waache wanune.) Kagua pia chaga za kitanda, kwani zikiachana mno hata godoro zuri hubonyea mapema.