Mwalimu, hicho kiboksi cha dawa kiko wapi?

Mwalimu, ngoja kwanza. Umeandika kwamba umeombewa, miguu imeacha kuvimba, kiboksi cha amlodipini, dawa ya presha, umempa mjukuu achezee, na sasa unauliza uhamie kijijini au ubaki mjini karibu na hiyo huduma ya maombezi. Mimi nimeganda hapo kwenye kiboksi.

Nina miaka 71 na haya naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, makosa ya herufi msinihesabie. Mkono wa kulia ulistaafu bila kiinua mgongo.

Na mimi niliombewa, nikaacha dawa hiyo hiyo, miguu ikanywea. Wiki ya pili bila dawa viatu vikaniingia, nikasimama mbele kutoa ushuhuda, vigelegele kanisa zima. Kumbe vidonge hivyo huwavimbisha wengine vifundo vya miguu! Ukiviacha uvimbe unashuka, presha inapanda. Wala huisikii. Malaria itakutetemesha, presha haipigi hodi. Mwezi wa tatu tangu niache, alfajiri, kikombe cha uji kikaniponyoka. Nataka kumwita mama watoto, ulimi umelala mdomoni kama nyama ya bucha. Uji wa moto unanitiririka pajani na siusikii. Hospitali mashine ikasoma 210 kwa 120. Kiharusi.

Yule mtumishi aliyeniombea alikuja wodini mara moja tu, akamwambia mke wangu kwamba imani yangu iliyumba. Iliyumba! Mtu nafunga Jumatano na Ijumaa! Halafu nakuja kusikia yeye mwenyewe ana sukari, na kliniki hakosi. Kwake sindano, kwangu mafuta ya upako. Haya.

Kafungue Isaya 38. Hezekia alilia mbele za Mungu, akaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Nabii hakuona haya kutaja dawa, sembuse sisi wa pensheni? Kwa hiyo nenda ukaombewe, hata kila siku, ila nenda ukiwa umemeza. Ukipona, daktari ataona kwenye kipimo na atakupunguzia mwenyewe. Ushuhuda utasubiri, hauozi.

Ulitaja na habari za shamba, sijui na kwaya ya wazee... mkono umechoka. Mnyang'anye mjukuu hicho kiboksi, hata akilia. Na kesho asubuhi pita zahanati wakupime, uwaambie siku ngapi hujameza. Usizipunguze.