Kuhusu herufi D kwenye bili ya kodi ya halmashauri

Dada, hiyo D uliyoniuliza kwenye bili yako ya kodi ya halmashauri (council tax) isikutishe, haihusiani na kipato chako. Huku England nyumba zimepangwa kwa madaraja A hadi H kwa bei ambayo zingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Ndiyo, 1991, hata kama jengo limekamilika juzi. Wa H hulipa mara mbili ya wa D.

Kilichonigusa ni kwamba unaishi na binti wa miaka 19 anayesoma chuo kwa muda wote, na bado unalipa bili nzima. Mwanafunzi wa namna hiyo hahesabiwi. Unabaki wewe mtu mzima mmoja, kwa hiyo una haki ya punguzo la asilimia 25. Waandikie halmashauri, ambatisha barua ya chuo, na waombe wahesabu punguzo hilo tangu siku alipoanza masomo.

Universal Credit unayopata, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haigusi kodi hii. Wengi hunaswa hapo. Nafuu ya watu wa kipato cha chini huombwa kwa fomu ya peke yake, halmashauri kwa halmashauri.

Malipo kwa kawaida ni mafungu 10, lakini ukiomba 12 kila fungu linapungua. Ile barua ya ukumbusho wanayotuma ukichelewesha fungu usiiweke juu ya friji kama nilivyofanya mimi: una siku 7 tu za kulipa, zikipita wanaweza kudai ya mwaka mzima kwa mkupuo, kisha mahakamani. Wapigie leo, kabla fungu lijalo halijafika.