Msiuze kibanja: barua kwa mwanangu aliye kisiwa cha Bugala, Ziwa Victoria, Uganda

Mwanangu,

Salamu kwako, kwa mkeo na kwa wajukuu zangu. Umeniuliza kama muuze kila kitu hapo Kalangala mhamie Masaka, maana vitu ni ghali kisiwani na shule za kuchagua hakuna. Kuhama, hameni. Kuuza kibanja, yaani shamba lenu la michikichi mnalolikalia juu ya ardhi yenye mwenyewe, hapana, angalau si mwaka huu.

Nianze na watoto, kwa kuwa kalenda ni yao. Wa P6, darasa la sita, aanze P7 Masaka Februari, siku ya kwanza ya muhula. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, husajili watahiniwa mapema katika mwaka, na mtoto akishaandikwa kituo kimoja, kumtoa ni kazi. Wa S2, kidato cha pili, naye ahame sasa. Katika mtaala ulioanza 2020, kazi anazofanya S3 na S4 zinabeba asilimia 20 ya matokeo yake ya UCE, mtihani wa mwisho wa S4, na shule ndiyo inayozituma. Ukimhamisha katikati ya S3, utakuwa mtu wa kuvuka ziwa kufuata alama. Halafu S3 masomo hupungua: 7 ya lazima, na 1 au 2 ya kuchagua. Kabla hujalipa karo uliza kama somo analolitaka lina mwalimu, maana kwenye karatasi ya matangazo masomo yote yapo. Kiswahili ni lazima S1 na S2, na hapo mjukuu wangu hana wasiwasi. Yule mdogo wa P2 ndiye wa kuangaliwa: shule nyingine hufundisha P1 hadi P3 kwa Kiganda na nyingine kwa Kiingereza. Ulizeni kwanza, asije akakaa kimya mwaka mzima mkadhani ni mzito wa kichwa.

Chukueni barua ya uhamisho yenye muhuri, ripoti za mwaka mzima, matokeo ya PLE (mtihani wa kumaliza P7) ya mkubwa, na namba za NIRA, mamlaka ya vitambulisho, za wote watatu. Majina yalingane herufi kwa herufi. "Hadija" huku na "Khadijah" kule huonekana jambo dogo mpaka siku ya kusajili mtihani.

Sasa fedha. Bugala sukari, sabuni na saruji ni ghali kwa sababu vinavuka maji, lakini kuna vitu hamlipii: nyumba, kuni, maji, na samaki wa jirani. Masaka matoke yatashuka bei, ila hivyo vingine vyote vitaanza kudai. Mkeo aandike mwezi mmoja kila kinachoingia jikoni, hata cha bure, kisha akiwekee bei ya soko la Masaka. Ongezeni kodi, na wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu mbele, karo za watatu, sare, na yale mahitaji ya shule: rimu za karatasi, mifagio, karatasi za chooni. Watu wengi huhesabu karo wakasahau mahitaji.

Ndiyo maana nasema michikichi ibaki. Ule ndio mshahara wenu. Lakini mchikichi haumngoji mtu: huvunwa kila baada ya siku kumi hadi wiki mbili, na vichala vilivyokatwa vifike kiwandani ndani ya saa 24, la sivyo asidi hupanda na mafuta huharibika. Mzunguko mmoja ukirukwa, chikichi huiva kupita kiasi na kudondoka chini, na kuokota moja moja hula siku nzima. Kwa hiyo mtunzaji mtakayemwachia shamba usimpe mshahara wa mwezi. Mlipe kwa kilo zilizopimwa kiwandani, nawe ubaki na stakabadhi. Malipo yaingie akaunti yako, si simu yake. Palizi na mbolea zipangiwe bei yake mbali, kwa sababu anayelipwa kwa kilo hukata tu.

Na hata siku mkiamua kuuza, kibanja hakiuzwi kama baiskeli. Mwenye ardhi hupewa nafasi ya kwanza ya kununua. Ukimruka, sheria ya ardhi ya 2010 inalifanya kosa la jinai na mauzo yenyewe ni batili. Idhini ya mkeo nayo ni ya lazima, kwa maandishi. Busuulu, ile kodi ya kibanja kwa mwenye ardhi, ilipwe kila mwaka na risiti zitunzwe, hasa mkiwa hamlali hapo.

Mizigo ipitisheni Luuku hadi Bukakata: feri ile ni ya bure na inabeba lori, kisha ni kama kilomita 40 hadi Masaka mjini. Ya Lutoboka inawapeleka Nakiwogo, Entebbe, ambako si njia yenu. Lori lifike foleni alfajiri. Godoro na vitabu vifungwe turubai. Mtumbwi wa mbao msipande na watoto, hata mkiambiwa ziwa limelala, na boya la kuokolea msiazime la mtu mzima mkamvika mtoto, atachomoka.

Nitumie ile orodha ya jikoni ikiwa tayari, kabla hamjampa mwenye nyumba hata shilingi.

Ni mimi mama yako.