Gugu karoti: usilifyeke likishachanua

Wiki hii msomaji ameniandikia: "Tulifyeka gugu karoti kando ya barabara, na hata msimu haujapita limerudi maradufu. Tumekosea wapi?" Moyo uliniuma, maana kosa hilo nililifanya mwenyewe.

Mwaka wa kwanza niliwahimiza majirani tukalifyeka lote likiwa limechanua, jeupe kama limenyunyiziwa unga. Tukapiga picha, tukapongezana, tukalipakia kwenye lori lililo wazi kwenda kulitupa. Mvua ziliponyesha, miche iliota kwa mstari kufuata njia ileile ya lori. Niliinama nikaiona: vijani vilivyochanika kama vya karoti, vimejibana kwenye kokoto ukingoni mwa lami. Na visiki tulivyoviacha vilichipua vikachanua usawa wa kifundo cha mguu, chini ambako fyekeo halifiki. Nikaambiwa nimewaletea watu balaa. Maneno yale hayajanitoka hadi leo.

Shina moja lililokomaa laweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na mche huchanua ndani ya wiki 4 hadi 6 tu tangu kuota. Kwa hiyo kulifyeka likiwa na maua ni kulipanda. Ling'oe kabla halijachanua, udongo ukiwa na unyevu ili mzizi utoke wote. Vaa glavu na mikono mirefu, funika pua, kwa sababu huwasha ngozi na chavua yake huamsha pumu. Mimi nililishika mikono mitupu, nikajikuna usiku kucha. Likiwa limeshachanua, lifungie kwenye mfuko palepale lilipoota kabla ya kulisogeza popote.

Zungumza pia na wanaosimamia barabara. Greda lenye udongo magurudumuni hubeba mbegu kutoka kipande hiki hadi kingine, na kifusi cha kujazia mashimo nacho huja nazo. Waombe waoshe mashine kabla ya kuhama. Palipong'olewa panda nyasi mara moja, gugu hili hupenda ardhi iliyo tupu.

Kisha urudi. Mbegu hukaa udongoni miaka mingi, basi rudi kila baada ya wiki tatu msimu wote wa mvua, ung'oe kabla ya maua. Ndugu yangu, kama huna nia ya kurudi, usiwasumbue majirani.

Kipande changu leo ni nyasi tupu, na ninajivunia. Juzi nilikuta miche mitatu mdomoni mwa kalavati. Nikaing'oa.