Kilomita peke yake haitoshi: lini umwage oili ukiwa na IST na foleni za Dar

Mkuu mleta mada, una Toyota IST ya cc 1,500, unakaa Goba na kazi iko Posta. Fundi wako anasisitiza umwage oili kila kilomita 3,000, muuza oili anakuapia kwamba ukiweka sintetiki unafika 10,000 bila wasiwasi, na wewe unauliza umsikilize nani. Naona waliotangulia kujibu wamegawanyika kambi mbili na zote zinabishania kilomita. Kwa mtu wa Dar, kilomita ndiyo namba inayodanganya kuliko zote.

Mimi si fundi. Nina IST kama yako, injini 1NZ-FE, kwa miaka kadhaa sasa, na magari ya ndugu zangu wawili sevisi zake nazisimamia mimi kwa sababu wenyewe hawana habari nazo.

Piga hesabu hii. Gari inayokwenda mikoani kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa inamaliza kilomita 5,000 kwa saa kama 77 tu za injini kuunguruma. Gari ya foleni yenye wastani wa kilomita 15 kwa saa inahitaji saa 333 kuzimaliza kilomita hizohizo. Odometa inasoma sawa kwa wote wawili, lakini oili ya wa pili imefanya kazi zaidi ya mara nne. Tena hizo ni saa mbaya: injini inaunguruma gari imesimama, hewa ya kuipoza haipiti vizuri, na petroli kidogo isiyoungua inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Safari fupi nazo zina ubaya wake. Injini inazimwa kabla oili haijapata moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli iliyoingia humo.

Sasa tuone waliotengeneza gari wanasemaje. Gari zetu nyingi zilikuwa za soko la Japani, na kule Toyota kwa injini ya petroli isiyo na turbo wanatoa kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Wengi wakishaona hiyo 15,000 wanafunga kitabu. Endelea kusoma: kwa matumizi magumu inakuwa kilomita 7,500 au miezi 6. Yenye turbo ni 5,000 au miezi 6, na kwenye matumizi magumu inashuka hadi 2,500 au miezi 3. Na wanayoyaita matumizi magumu ni haya: barabara mbovu, milima, safari fupifupi za kilomita 8 kushuka chini, kutembea sana kwa mwaka, na kukaa muda mrefu umesimama huku injini inawaka au ukijikongoja chini ya kilomita 30 kwa saa. Hapo nani wa Goba anabaki nje?

Ratiba hiyo ilipangwa gari zikiwa mpya, na IST za toleo la kwanza zilianza kutoka 2002. Ringi zimechoka, na oili inachafuka haraka kuliko zamani. Kwa hiyo mimi nakata tena kidogo: kilomita 5,000 au miezi 6, kinachoanza kufika. Miezi 6 usiidharau hata kama gari inatoka Jumapili tu kwenda kanisani. Gari inayolala sana oili yake inashika unyevu.

Fundi wako hakosei kabisa, ila anakuwekea ratiba ya oili za zamani na injini za kabureta. Kumwaga kila 3,000 hakuiumizi injini, kunaumiza mfuko. Mahali ambapo namuunga mkono ni gari ambayo ndiyo kwanza imetoka bandarini, au umeinunua mkononi kwa mtu na hujui aliitunzaje. Hapo mwaga mara mbili za mwanzo kwa 3,000, ndipo uhamie 5,000. Kwa iliyotoka Japani, chungulia pembeni ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, mara nyingi kuna stika ya sevisi ya mwisho. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao: H28 ni 2016, R3 ni 2021. Kilomita zilizo kwenye stika zikizidi za kwenye dashibodi, yaani odometa imerudishwa nyuma, mpigie aliyekuuzia.

Kuna jambo ambalo sijaona mtu amelitaja, na kwangu lina uzito kuliko mabishano yote ya 3,000 na 10,000. Ni stiki ya oili, ile ya kupimia kiasi cha oili kwenye injini.

Shemeji yangu ana gari ya cc 2,400 ambayo inakula oili. Aliweka sintetiki ya bei, akaambiwa 10,000, akalala usingizi. Kabla hata ya kufika huko injini ikaanza kugonga akiwa njiani. Tulipochomoa stiki ilitoka kavu. Oili yake haikuwa imechakaa, haikuwepo. Kilichofuata ni ovahoo, na gharama yake ingemnunulia oili ya miaka mingi. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haikumsaidia, kwa sababu ile inapima presha, haipimi kiasi. Ikiwaka kwa sababu oili imepungua, umeshachelewa.

Kwa hiyo kila wiki au ukijaza mafuta, gari ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika tano hivi, chomoa stiki, futa, rudisha, chomoa usome. Ikiwa kati ya alama mbili uko salama. Ikikaribia ya chini, ongeza kidogokidogo, maana kujaza kupita alama ya juu nako ni kosa. Ukiona unaongeza lita nzima kabla ya kufika 5,000, gari yako inakula oili, na hapo hakuna tangazo la 10,000 linalokuhusu.

Rangi isikutishe. Oili nzuri inasafisha injini, lazima iwe nyeusi. Ya dizeli inageuka nyeusi karibu siku hiyohiyo. Tafuta kingine: fungua kizibo cha oili utazame upande wa ndani. Ukikuta utandu mwepesi wa kahawia, sawa. Ukikuta tope jeusi linalobanduka kwa ukucha, kuna mtu aliiacha oili ikakaa kupita kiasi. Kwenye 1NZ tope ni hatari kwa sababu cheni ya taiming inakazwa kwa presha ya oili na VVT-i, mfumo unaopanga muda wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa oili hiyohiyo kupitia vijitundu vidogo sana.

Na msikubali kuwekewa oili nzito ya 20W-50 kwa hoja kwamba Dar kuna joto. Namba ya mwisho ni uzito unaopimwa oili ikiwa nyuzi 100, na injini ikishapata moto, uwe Njombe au Temeke, themostati inaishikilia karibu joto lilelile. IST ni 5W-30. Ikianza kula kidogo, 10W-40 naielewa. Oili nzito mno inachelewa kupanda juu asubuhi unapowasha. Kwenye galoni angalia pia herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili: SN au SP zinafaa, SP ni mpya kuliko SN, ya 2020.

Injini yako inameza kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha na inabaki kidogo ya kuongezea. Filta badilisha kila unapomwaga, usikubali ya zamani irudishwe. Simama hapo galoni ifunguliwe mbele yako, na ikiisha itoboe, maana makopo matupu yana soko lake na unajua yanarudi dukani yakiwa na nini.

Wenye bodaboda hizi hesabu zisiwahusu. Oili ya pikipiki ni lita moja hivi na ndiyo hiyohiyo inayolainisha gia na klachi, kwa hiyo mwageni mapema zaidi na mtafute yenye alama ya JASO MA, ya oili za pikipiki. Ya gari inaweza kufanya klachi iteleze.

Mleta mada, kesho asubuhi kabla hujawasha chomoa stiki, kisha fungua kizibo upige picha ya upande wa ndani. Iweke hapa tuone kama uanze na 3,000 au uende moja kwa moja 5,000.