Imani na yakini: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Umeniuliza kama nina yakini kuwa Mungu yupo, au naamini tu. Hilo "tu" limenikaa moyoni siku tatu. Kwani kuamini ni kitu kidogo?

Habari ya mjomba wako aliyekwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, asirudi unaijua. Usiku wenyewe sijapata kukusimulia. Kusi lilikuwa kali na wenziwe walishafika. Babu yako alisali isha, akavuta tasbihi, kisha akachukua kandili akashuka pwani, nami nyuma yake, mtoto wa miaka 12. Nikamuuliza, "Baba, si umeshamwomba Mungu? Mbona tunakuja kutazama?" Hakunijibu. Alinipa kandili niishike mimi, ndipo nikajua kwa nini: mkono ulikuwa ukimtetemeka hata kioo kinagongagonga kwenye waya. Mpaka leo swali lile linaniuma. Ningeliweza, ningelirudisha.

Ilipoadhiniwa alfajiri alitia udhu kwa maji ya bahari, akasali pale pale mchangani. Nikamkasirikia. Nilimwona anamshukuru aliyetunyima.

Miaka mingi baadaye tukasomeshwa darsani aya ya 260 ya Suratul Baqara. Nabii Ibrahim anamwomba Mola amwonyeshe anavyohuisha wafu. Anaulizwa: kwani huamini? Anajibu: naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Nililia mbele za watu. Basi hata yeye, Khalilullahi, kipenzi cha Mungu, alikuwa na imani na bado akautafutia moyo utulivu! Na aya ya mwisho ya Suratul Hijr inasema mwabudu Mola wako mpaka ikufikie yakini. Wafasiri wengi wanasema yakini hapo ni mauti. Babu yako alisujudu kabla haijamfikia.

Ndiyo maana nakwambia tangu u mdogo: imani hupanda na kushuka, kama bamvua, maji yajaapo sana, na maji mafu, yapandapo kidogo tu. Bahari ni ile ile.

Lakini pengine najitetea. Mwanzoni mwa Baqara hiyo hiyo, aya ya 4, wachamungu wanasifiwa kwamba Akhera wana yakini nayo. Yakini, si kuamini tu, kama ulivyosema wewe. Kila nikiifikia nasita. Nikisema nimo kati yao nitaongopa, nikisema simo naogopa. Halafu naukumbuka mkono ule, nasema hapana, imani hupanda na kushuka, na aliye katika maji mafu hajatoka baharini.

Baba'ko anataka nikuandikie usali kwanza, maswali baadaye. Neno hilo nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelikata, maana na mimi niliuliza pwani nikaachiwa kandili tu, sikugombezwa. Ila natamani sana kujua kama bado unaamka alfajiri. Sikuulizi.

Mama yako