Barua kwa Mwanangu: Kisa Chenye Mashahidi

Mbinga

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wanachama wa SACCOS yenu, chama chenu cha akiba na mikopo huko Dodoma, wamekuchagua kuwa mwenyekiti wa bodi, kwamba mkutano mkuu ni mwezi ujao, na kwamba kuna mshauri aliyekuambia uandae simulizi ya maisha yako, useme umepanda kwa juhudi zako mwenyewe, ili uwaguse. Kisha ukaniuliza, “Baba, viongozi wanaosikilizwa na watu husimuliaje habari zao bila kujipamba?” Nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu neno hili limenikaa moyoni miaka mingi kuliko unavyodhani.

Kwa maoni yangu, viongozi hao husimulia mambo ambayo waliokuwepo wanaweza kusimama na kuyashuhudia. Ufasaha husaidia, na sauti nzuri husaidia, lakini msikilizaji hujiuliza moyoni kama mtu huyu angethubutu kuyasema maneno hayo mbele ya jirani yake wa utotoni.

Chukua mfano wa Profesa Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira wa Kenya. Tarehe 10 Desemba 2004 alisimama Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alikuwa na mengi ya kujisifia kama angetaka. Alikuwa na shahada ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1971, wakati ambapo hakuna mwanamke mwingine wa Afrika Mashariki na Kati aliyekuwa amefika hapo. Mwaka 1989 alipinga jengo refu lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, akatukanwa hadharani na wanasiasa, na jengo lile halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa akijeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura. Lakini alipofika mwisho wa hotuba yake alisimulia habari za kijito. Alisema kwamba utotoni alikuwa akienda kwenye kijito kilichokuwa kando ya nyumbani kwao kumtekea mama yake maji, na kwamba aliyanywa papo hapo. Akicheza katikati ya majani ya magimbi, yale ambayo wenzetu wa Kenya huyaita nduma, alijaribu kuyaokota mayai ya vyura yaliyoshikana kama uzi, akidhani ni shanga, lakini kila alipopitisha vidole chini yake yakakatika. Baadaye aliona viluwiluwi maelfu, vyeusi, vikijinyonganyonga katika maji maangavu. Kisha akasema kwamba kijito kile kimekauka, kwamba wanawake wanatembea mbali kutafuta maji ambayo si safi kila mara, na kwamba watoto hawatajua kamwe walichopoteza.

Hebu tazama alichofanya pale. Katika kisa kile yeye si shujaa. Ni mtoto anayeshindwa kushika shanga. Hasemi kwamba aliteseka, wala hasemi kwamba tangu utotoni alijua atakuja kuokoa misitu. Anataja mama, majani, mayai na maji, vitu ambavyo kila mwanakijiji wa Ihithe, kule Nyeri alikozaliwa mwaka 1940, angeweza kuvitambua, na ambavyo yeyote mwenye shaka angeweza kwenda kuvitafuta, akaona kama kijito kipo au hakipo. Tena alikiweka mwishoni, baada ya kueleza kazi yenyewe ya Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977 na ambayo kufikia siku ile ilikuwa imepanda miti zaidi ya milioni 30. Kama angeanza na kijito na kuishia hapo, watu wangetokwa machozi na kurudi makwao. Kwa kuwa kazi ilitangulia, kijito kikawa sababu ya kazi.

Nalipenda jambo jingine lililotokea baadaye, ingawa yeye hakuweza tena kulisimulia. Alipofariki Septemba 2011, mwili wake haukuwekwa katika jeneza la mbao. Jeneza lake lilitengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Watu waliokuwa wakimsikiliza kwa zaidi ya miaka 30 waliona maneno yake yakimfuata hadi mwisho.

Bibi Titi Mohamed naye nisimpite bila kumtaja. Alipoanza kuwaita wanawake wa Dar es Salaam waingie TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, hakujitafutia sauti ya msomi, kwa kuwa elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Aliwafuata katika vikundi vya ngoma, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi kimojawapo, kwa hiyo wale wanawake waliisikia siasa kwa mara ya kwanza kutoka kwa sauti waliyokwisha kuizoea harusini.

Kuhusu Mwalimu Nyerere nitasema lile linalonigusa mimi kama mtu wa ushirika. Watu hupenda kukumbuka kwamba Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza na papo hapo akatangaza kujipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Ni kweli, na kitendo kile kilimpa haki ya kuzungumzia kujinyima, ijapokuwa mimi sijaacha kuamini kwamba adhabu ya wale vijana ilikuwa kali mno. Lakini ninachokithamini zaidi ni jingine. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake zikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Nilikuwa kijana wa miaka 24, karani wa mizani, na siku tulipoambiwa tukabidhi madaftari niliwaona wazee waliokuwa wameweka nguvu zao katika chama wakiondoka bila kuagana. Miaka ilipita. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya kuna mambo ambayo asingeyafanya, na akayataja kwa majina: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Hakusema “makosa yalifanyika” kana kwamba makosa hujifanya yenyewe. Niliposoma habari hizo, hasira yangu ya miaka minane haikuisha yote, lakini tangu siku hiyo nilimsikiliza kwa namna nyingine, kwa sababu alikuwa amelisema jambo ambalo mimi nilikuwa shahidi wake.

Sasa nikueleze la kwangu, ambalo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha ushirika wa kahawa, bei ilianguka na wanachama wakaanza kuuza kwa walanguzi. Katika mkutano mkuu nilitaka kuwatia moyo wavumilie, nikawaambia kwamba mimi nilikwenda shule pekupeku tangu darasa la kwanza hadi la saba, na bado nimefika nilipofika. Walinipigia makofi. Jioni shangazi yako alikuja nyumbani, akakaa kimya mpaka mama yako alipokwenda jikoni, kisha akasema, “Kaka, viatu ulikuwa navyo. Ulipofika darasa la tano baba aliuza mbuzi jike mwenye mimba akakununulia, na mimi niliendelea pekupeku.”

Mwanangu, sikuwa nimekusudia kudanganya. Nilikuwa nimekisimulia kisa kile mara nyingi hata miaka mitatu ya viatu ikafutika. Lakini kwa kujiongezea taabu nilimfuta babu yako na mbuzi wake, nikamfuta na dada yangu aliyekuwa ameketi safu ya tatu akinisikiliza. Katika mkutano uliofuata nilisimama nikasahihisha, nikamtaja baba na nikamtaja dada. Hawakupiga makofi. Ila mzee mmoja aliyekuwa ameacha kuleta kahawa yake chamani aliinua mkono, akauliza hesabu za malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, zinakwendaje, na tukaanza kuzungumza.

Ndiyo maana hili neno la mshauri wako, kwamba useme umepanda kwa juhudi zako mwenyewe, limenitia wasiwasi. Juhudi ulikuwa nazo na nitazishuhudia popote. Lakini ada yako ya kidato cha tano na cha sita ilitokana na mkopo wa chama, na mkopo ule ulikuwa na wadhamini watatu waliotia saini kwamba mimi nikishindwa wao watakatwa katika kahawa yao. Msimu wa kwanza nilichelewa kulipa, na mmoja wao alikatwa kweli. Nilimrudishia fedha baada ya miezi saba, na muda wote huo hakunilaumu mbele ya watu. Wewe unakwenda kuongoza watu ambao kila siku wanaombana saini za udhamini, na baadhi yao wamekatwa kama yule mdhamini wangu. Nadhani habari hiyo inawahusu kuliko safari yako ya kutoka Mbinga hadi Dodoma, na ukiisimulia uanze na hesabu za SACCOS yenu kwanza, wajue mikopo mingapi imechelewa na bodi itafanya nini.

Ila usiisimulie kabla hatujapata ridhaa. Mdhamini mmoja ametangulia mbele ya haki. Wawili wako hai, na yule aliyekatwa siku hizi haoni vizuri, ingawa bado huuliza habari zako. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwake nikiwa na shangazi yako, nimsomee unachotaka kusema na nimuulize kama anakubali, na kama anavyokumbuka yeye ndivyo ilivyokuwa. Nikirudi nitakupigia.

Ni mimi baba yako.